Afande wa Mchakamchaka

"Kaka yako akiwa mzima, saa kumi na mbili asubuhi huwa anafanya nini?"

Swali hilo niliulizwa na jirani yetu, juu ya ua wa michongoma uliotenganisha nyumba yake na yetu pale Majengo, Tunduma. Yeye alikuwa ameshika ndoo ya pumba za kuku. Mimi nilikuwa nimebeba hotuba. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo, nikakuta mama amemruhusu kaka yangu Ezekia akimbizwe barabarani kila alfajiri pamoja na walevi wengine, wakiimba mchakamchaka kama watoto wa shule ya msingi. Nilikwenda kumweleza jirani kwamba ulevi ni ugonjwa, kwamba ugonjwa una hospitali yake, na kwamba kumtembeza mgonjwa mbele za watu akitoka jasho ni kumwaibisha, si kumtibu.

Nilijua Ezekia hunywa nini na hunywa wapi. Nilijua akilewa husema nini, na kesho yake hukana nini. Lakini akiwa mzima, asubuhi, anafanya nini? Ilikuwa kama kuulizwa habari za mtu nisiyewahi kukutana naye.

"Hujui," alisema. "Na yeye hajui. Saa hiyo moja ndiyo ninayoitaka mimi. Zilizobaki kaeni nazo nyinyi na vitabu vyenu."

Akawamwagia kuku pumba, mazungumzo yakaishia hapo.

Tulimwita Afande. Alikuwa askari magereza hadi alipostaafu, na jina lake la ubatizo lilistaafu kabla yake, hata mchungaji akisoma matangazo kanisani alisema, "Afande anaomba vijana wabaki kidogo." Alikuwa mfupi, mabega mapana, na alivaa suruali ya trakisuti iliyopauka, kanga juu yake, na filimbi aliyoitundika shingoni kwa kamba ya kiatu. Nilipokuwa mdogo nilimwogopa kwa sababu hakuwahi kupaza sauti. Akina mama wengine wa mtaani walitugombeza kwa kelele, tukazizoea. Yeye alikuwa akikuangalia, kisha anasema jambo mara moja tu.

Kundi lake lilikuwa la watu waliotaka kuacha pombe, pamoja na wale ambao ndugu zao ndio walitaka. Alikuwamo kondakta wa zamani wa mabasi ya Mbeya ambaye sote tulimwita Kondakta tu, na ndiye aliyeanzisha nyimbo. Walikuwamo wapakiaji mizigo, mwalimu mmoja aliyesimamishwa kazi, na akina mama wawili watatu waliokimbia wamejifunga vitenge hadi puani ili wasitambulike, ingawa mtaa mzima uliwajua kwa miguu yao. Ezekia alikuwa mtu wa kufuatilia karatasi za malori mpakani. Kazi ile ni ya kusubiri: unasubiri muhuri upande huu, unasubiri muhuri Nakonde, ng'ambo Zambia, na kila mahali pa kusubiria pana mtu anayeuza kitu cha kusubiria. Viroba, vile vifuko vya pombe kali vilivyopigwa marufuku kwetu, vilivushwa vikiwa ndani ya soksi. Ezekia alikuwa na utani wake: Tunduma ndio mji pekee usio na saa ya kufunga baa, kwa sababu saa za ng'ambo zipo nyuma ya zetu kwa saa moja, na ukifukuzwa huku unavuka kwenda kuuanza usiku upya. Tulicheka sana utani huo kabla haujawa maisha yake.

Kila alfajiri Afande aliwapanga mstari mbele ya nyumba yake, kisha akapita akisimama mbele ya mmoja mmoja, pua kwa pua.

"Pumua."

Mtu alipumua. Afande akisema "Twende," unabaki. Akisema "Nyumbani," unaondoka, na hakuna wa kukutetea. Pua yake ilikuwa mahakama isiyo na rufaa. Mdogo wake wa kiume, tumbo moja, alikuja kutoka Itumba kukaa kwake ili naye apone. Siku ya kwanza tu akapumua, Afande akamwambia, "Nyumbani."

"Dada, hii ni dawa ya kikohozi."

"Basi kikohozi chako kimelewa. Nyumbani."

"Nyumbani wapi? Si ninakaa kwako?"

"Itumba kuna nyumba."

Akapanda Hiace ya asubuhi ile ile, na Afande akaongoza mbio kama kawaida. Mama alisema yule mwanamke ana jiwe kifuani. Mimi nilisema ana utaratibu, na kwamba utaratibu si tiba. Hata hivyo watu walianza kuliamini neno lake kuliko walivyoamini viapo vya waume zao. Mke aliyemshuku mumewe hakumuuliza mumewe, alikuja uani kwa Afande: "Jana alipumuaje?" Naye alisema ukweli, hata pale ukweli ulipovunja nyumba.

Nilianza kukimbia nao kwa sababu mama alitaka mtu wa kumtazama Ezekia, na kwa sababu nilitaka kuona jambo hili likishindwa mbele ya macho yangu. Tulitoka Majengo tukashuka hadi barabara kuu, tukafuata foleni ya malori kuelekea Mpemba, nje kidogo ya mji. Saa hiyo madereva wanapiga mswaki kando ya magurudumu, wanawake wamebandika chai, na vumbi bado limelala kwa sababu ya baridi. Madereva wa Zambia walitupungia na kutuamkia kwa Kibemba: "Mwashibukeni!" Kondakta akawajibu kwa wimbo aliotunga hapo hapo.

"Miguu hii ya nani?"

"Yangu!"

"Jana ilikuwa ya nani?"

"Ya kwake yule!" na wote wakanyoosha vidole kwenye grosari ya pombe iliyofungwa.

Lilikuwepo jambo moja katika mbio zile ambalo sijaliona kwingine. Mtu akisimama, kundi halimwachi wala halimvuti. Linakimbia papo hapo. Awe anatapika, awe analia, awe anafunga kamba za viatu kwa makusudi ili apumzike, wote wanapandisha na kushusha magoti pale pale, wakiimba, hadi atakapokuwa tayari. Afande alisema, "Ukishindwa kukimbia, tembea. Ukishindwa kutembea, simama na sisi tupo. Ukilala chini ndipo tutakapogombana." Nilimuuliza kama hiyo si njia ya kumtesa mtu kwa aibu, maana kila anayesimama anajua anawachosha wenzake.

"Inawezekana," alisema. "Una njia nyingine isiyo na aibu?"

Tulibishana kila siku. Yeye aliamini jasho hutoa pombe mwilini. Nilimwambia ni ini ndilo linaloitoa, jasho linatoa maji na chumvi. "Basi mwambie ini lako nalo likimbie," alisema, na kundi zima likacheka. Aliwakataza watu kunywa maji njiani, nikamwambia huo ni ujinga wa kijeshi, akanitazama, na kesho yake pakawa na dumu la maji pale tulipogeuzia, bila neno lolote. Ndivyo alivyokubali kushindwa: kimya, kupitia vitu.

Tena kuhusu hospitali nilikuwa sahihi. Ezekia alipoacha ghafla kwa mara ya kwanza, kabla sijarudi, alitetemeka siku mbili tatu kisha akaanguka sebuleni kwetu na degedege, macho yamegeuka, mama akipiga kelele, Afande akiruka ua kuja kumshika kichwa. Daktari alieleza kwamba mwili uliozoea pombe kali kila siku ukikatiwa ghafla unaweza kufa. Nilipomshupalia Afande kuhusu hilo hakubisha wala hakunipa haki yangu. Alianza tu kumuuliza kila mgeni, kabla hata ya salamu, "Umepita hospitali?" kana kwamba lilikuwa swali lake tangu zamani.

Na alikuwa na lake. Afande alinusa ugoro. Aliuficha katika kikopo cha mafuta ya kujipaka, ndani ya mfuko wa trakisuti, na wote tulijua. Nilimuuliza siku moja, mbele ya Kondakta, mtu anayewakimbiza wengine kutoka kwenye kileo ana haki gani ya kubeba chake mfukoni.

"Hii ni dawa ya mafua," alisema.

"Una mafua tangu lini, Afande?"

"Tangu nilipoanza kazi."

Kondakta akajikohoza kuficha kicheko. "Msomi, muache. Akiacha ugoro atatukimbiza hadi Dar."

Nikaandika moyoni: mnafiki. Lakini nilikuwa nimeshaona mambo mengine yasiyolingana, na sikujua niyapange wapi. Mtu huyu aliyefunga milango ya watu maisha yake yote ya kazi, mlango wake mwenyewe aliufunga kwa kipande cha kamba. Pale kwenye malori palikuwa na mama muuza chai aliyewahi kufungwa chini ya ulinzi wake. Kila tulipopita alimpa Afande kikombe, hakupokea hela, na hakutabasamu. Nilimvizia peke yake nikamuuliza kama Afande alikuwa mwema kule gerezani.

Aliendelea kuchochea moto. "Alikuwa hasahau kufunga mlango," alisema.

Kwetu, suala la mlango ndilo lililokuwa likituwinda. Baba mdogo, ambaye baada ya baba kufariki ndiye aliyeamua mambo makubwa ya ukoo, anakaa Mbozi, analima kahawa. Alikuwa amechoka na aibu. Alishasema mbele ya mama, mbele yangu, mbele ya Ezekia mwenyewe: akinywa tena, anamchukua, anamfungia ndani ya ghala la kahawa hadi pombe imtoke yote. Alimjua mtu aliyepona hivyo. Nilimweleza habari ya degedege. Alisema, "Mnamdekeza. Degedege ni shetani anatoka." Nilimwomba walau daktari awepo. Alisema daktari ndiye aliyetuzoesha kudekeza.

Afande aliitwa kwenye kikao cha ukoo kama jirani. Alisikiliza, mikono mapajani. Kisha akasema, "Shemeji, nimefungia watu miaka mingi kuliko umri wa hawa watoto. Sikumbuki niliyemfungulia akatoka ameacha."

"Gerezani ni tofauti. Huyu ni damu yetu."

"Damu ndiyo itakayomwagika huko ghalani."

Baba mdogo alimheshimu, kila mtu alimheshimu, akalegeza kamba kidogo: Ezekia abaki Tunduma maadamu Afande mwenyewe anathibitisha hajanywa. Neno lake likikosekana siku moja tu, gari linakuja. Ezekia aliitikia akitazama sakafu. Kuanzia siku hiyo nilikimbia nyuma yake nikizihesabu pumzi zake kama mtu anayekagua mtungi wa gesi.

Nilisoma, bila shaka. Nilirudi chuoni nikatafuta kila nilichoweza kuhusu mazoezi na ulevi. Waandishi walikubaliana kwamba mazoezi husaidia: usingizi hurudi, hasira hupungua, hamu hupita upesi zaidi. Wakakataa kusema yanamsaidia nani na kwa kiasi gani. Nilichukia tahadhari yao ingawa ndiyo niliyofundishwa. Nilitaka mtu aniambie: kaka yako, huyu hapa, mwenye raba zilizotoboka na mke aliyeondoka na watoto, je, atapona? Niliporudi likizo iliyofuata nikaona usingizi wake umerudi kweli. Alikula. Alimtania mama kuhusu chumvi. Asubuhi moja nilimkuta anapasha viungo uani kabla filimbi haijalia, peke yake, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa alipokuwa analewa, kwa sababu sasa kulikuwa na kitu cha kupoteza.

Kikapotea asubuhi moja ya Julai, baridi ikiwa kali kiasi kwamba pumzi zetu zilionekana. Jana yake Ezekia alikuwa amepata habari kwamba mkewe ameolewa Sumbawanga. Alipumua mbele ya Afande, Afande akasema "Twende," tukaenda, tukafika Mpemba, tukageuza. Tulipokaribia grosari ya kona, mlango wa pembeni ulikuwa wazi. Mwenye grosari, mama mmoja, alikuwa anafagia. Ezekia akatoka kwenye mstari, akampita yule mama na ufagio wake, akaingia ndani.

Hakukimbia. Aliingia kama mtu anayeingia kwake.

Afande akapuliza filimbi, pigo moja. Kundi likaanza kukimbia papo hapo.

"Miguu hii ya nani?" Kondakta akaanzisha.

"Yangu!"

Nikamwendea Afande. "Ingia umtoe."

"Rudi mstarini."

"Afande, pombe iko pale kwenye shelfu, mkononi kabisa!"

"Naiona."

"Basi niruhusu mimi."

Akanishika kifundo cha mkono. Hakubana, lakini nilijua siwezi kutoka. "Ukimtoa leo," alisema, "kesho utamtoa. Kesho kutwa utamtoa. Utafanya kazi yangu ya zamani. Mimi niliiacha. Rudi mstarini."

Nikarudi. Magoti juu, magoti chini. Mwenye grosari alikuwa amesimama mlangoni ameshika ufagio kama anayelinda, sijui alikuwa anamlinda nani. Watu wakaanza kujaa: wapakiaji, madereva, wanafunzi wanaokwenda shule. Wengine walicheka. Dereva mmoja akasema, "Hawa wanamsubiri nani, rais?" Mmoja wa akina mama wenye vitenge alianza kulia huku anakimbia, nikaelewa kwamba naye anauona ule mlango, kwamba kila mtu kwenye mstari ule alikuwa anaunusa, na kwamba Afande alikuwa ameweka kundi lake lote rehani kwa ajili ya mtu mmoja. Nilimchukia. Ikiwa watatu wataingia humo badala ya mmoja kutoka, nani atalijibu hilo?

Mwalimu aliyesimamishwa kazi alikaa chini, pumzi zimemwishia. Afande akamsogelea. "Mwalimu. Simama tu." Akasimama.

Kisha gari likaja. Kuna mtu alikuwa amepiga simu. Tunduma simu hukimbia kuliko watu. Baba mdogo alikuwa amelala mjini kwa ajili ya soko la mahindi, akafika na pikapu yake, nyuma wamekaa vijana wawili wa shambani na kamba ya kufungia magunia. Aliteremka taratibu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa na sura ya mtu aliyekuja kuchukua mzigo wake.

"Yumo ndani?"

"Yumo," Afande alisema.

"Basi tumemaliza."

"Bado hajatoka."

"Afande, tulikubaliana."

"Tulikubaliana juu ya neno langu. Sijalitoa."

Vijana wakateremka. Kondakta, bila kuacha kuimba, akasogea hatua kidogo kidogo hadi akawa anakimbia papo hapo mbele ya mlango, na wengine wakamfuata, hadi mlango ukazibwa na watu wanaopandisha magoti. Hawakumgusa mtu. Walikuwa wanafanya mazoezi tu. Baba mdogo aliwatazama walevi hao wa mji mzima, jasho linawatoka kwenye baridi ile, na kwa mara ya kwanza nikaona hajui la kufanya.

Ezekia akatoka.

Alipenya katikati yao, mikono imening'inia, akasimama mbele ya pikapu. Nyimbo zikakatika. Nilisikia miguu tu.

"Mleteni hapa nimnuse," alisema baba mdogo.

"Kunusa ni kazi yangu," alisema Afande.

Akamsogelea. Ezekia alikuwa mrefu, ikabidi ainame. Nilikuwa nyuma yake, sikuona uso wake. Niliona wa Afande.

"Pumua."

Akapumua. Afande hakupepesa macho. Alibaki pale pale, pua kwa pua, kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akamgeukia baba mdogo, akamtazama, halafu akatutazama sisi.

"Twende," alisema.

Baba mdogo alisimama kidogo. Akavua kofia, akaivaa tena, akawaambia vijana wapande gari. Hakudai tena kunusa mwenyewe. Ni nani angedai kunusa baada ya Afande? Sisi tukakimbia hadi Majengo, Ezekia katikati, Afande bega kwa bega naye njia nzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu yeyote. Nililia nikikimbia. Niliona kwa macho yangu mtu akiingia penye pombe na kutoka bila kuigusa, kwa sababu kuna watu waliokuwa wanamsubiri kwa magoti yao. Mimi nisiyeamini kitu, niliamini hilo. Mabishano yote niliyoyafanya baadaye na wenzangu wasomi niliyajenga juu ya asubuhi ile.

Kundi lilidumu miaka kadhaa, kisha magoti ya Afande yakakataa. Binti yake akamchukua akakae naye Nanyala. Mara ya mwisho nilipomwona nilikuwa nimetumwa na mama kumpelekea maharage. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya binti yake, kando ya barabara kuu, miguu imevimba, anatazama malori yakipita. Filimbi haikuwepo shingoni. Alikuwa amezeeka upande mmoja tu, kama nyumba iliyonyeshewa mvua ya upepo.

"Msomi," alisema. "Umeolewa?"

"Bado, Afande."

"Vizuri. Kaa."

Nikakaa. Tukachambua maharage. Nilimpa habari: Ezekia amerudi mpakani, anafanya kazi, anakimbia bado, watoto wanakuja likizo. Mwalimu amerudi darasani. Kondakta alizikwa, alianza tena kunywa kundi lilipovunjika, na hakukuwa na mtu wa kukimbia papo hapo mlangoni kwake. Afande alizijua zote. Nilitaka kusema kitu cha shukrani, lakini mimi siwezi kushukuru bila kuuliza.

"Afande, yale mazoezi yalikuwa yanafanya kazi kweli?"

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Umetoka Tunduma kuniuliza hivyo?"

"Wengi walirudi kwenye pombe. Wengine wamekufa. Nataka kujua wewe mwenyewe uliamini nini."

"Nilikuwa na filimbi," alisema, na sasa sauti yake ilipanda, mara ya kwanza kuisikia ikipanda. "Na barabara ilikuwepo. Ulitaka nitumie nini? Ghala?"

Binti yake alichungulia mlangoni, akarudi ndani. Nikajaribu kumtuliza. Nikamwambia kwamba mimi ninaamini, kwa sababu ya ile asubuhi ya grosari. Kwamba nimewasimulia watu wengi jinsi Ezekia alivyoingia akatoka mkavu, na kwamba hakuna kitabu kilichowahi kunionyesha jambo kama lile.

Aliinua uso. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile ya ua, ila bila ukali.

"Umeshamuuliza yeye?"

"Nimuulize nini? Nilikuwepo. Nilikuona ukimnusa."

Akapepeta ungo, maganda yakaruka hadi kando ya barabara, akaanza kuniuliza habari za mama na kisukari chake. Nilipoaga aliomba nimshike mkono asimame. Alisimama, akanisindikiza kwa macho, akiwa ameegemea nguzo ya baraza.

Sikumuuliza Ezekia. Niliona ni swali la kizee. Afande alifariki, tukamzika, baba mdogo mwenyewe akiwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na muda mrefu ukapita. Kisha asubuhi moja niliamua kukimbia na kaka yangu, sisi wawili tu, tukapita ile kona. Grosari imekuwa duka la vipuri. Nikacheka nikamwambia, "Hapa ndipo ulipomshinda shetani, ukatoka hujagusa hata tone."

Ezekia alipunguza mwendo, kisha akasimama. Nami nikaanza kukimbia papo hapo, kwa mazoea.

"Nani alikuambia sikugusa?" alisema. "Nilikunywa, mdogo wangu. Nilimaliza chupa, ndipo nikatoka."